Santuri Iliyorudi Rafu Isiyo Yake

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Naapa kwa pensheni yangu, na kwa meno yangu manne ya juu, yote ya kwangu, hakuna la kununua. Najua wapo watakaosema huyu mzee ana mkono mzito kwenye chumvi. Leo chumvi nimeiacha nyumbani. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na nilikaa mahali pazuri pa kuonea.

Inspekta alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa miguu, askari mmoja nyuma yake na daftari dogo kwapani. Mama wa makamo, mfupi, viatu vya raba. Alikuwa na tabia moja mbaya sana: akikuuliza swali ukajibu, hakuuliza lingine. Alinyamaza tu, akakutazama, mpaka wewe mwenyewe ukaanza kuongezea. Nimewahi kukaa na watu wengi, sijaona silaha kama ile.

Alimkuta Mzee Sindano amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya chumba cha nyuma anamoweka santuri zake, ufunguo umening'inia shingoni. Tulimwita Sindano kwa sababu miaka arobaini alikuwa fundi wa gramafoni. Alikuwa hajafungua kinywa tangu jana, isipokuwa kumwambia mpwa wake sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo iliyofanya tumwite polisi.

"Alikwambiaje?" Inspekta alimuuliza mpwa.

"Kwamba santuri isipopatikana kabla ya Jumatatu nisivuke tena kizingiti chake, Afande."

Huyo mpwa, msichana, ni mkutubi, kazi yake ni vitabu vya watu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na mjomba ndiye aliyemlea, akamsomesha. Sasa anaambiwa asivuke kizingiti. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imenyooka.

"Na Jumatatu kuna nini?"

"Wanakuja watu wa Jumba la Sauti, wanaohifadhi muziki wa zamani. Mjomba amewapa santuri zake zote, nao wamesema wataniajiri nizitunze. Wanataka orodha kamili na kila kilichomo kwenye orodha. Kikikosekana kimoja, Afande, mtunzaji gani tena huyo?"

"Fungua," Inspekta alimwambia Mzee Sindano.

Mlango ukafunguliwa. Inspekta alipiga hatua moja ndani, akasimama.

Mimi chumba kile nimekizoea, maana naishi ukuta kwa ukuta na chai yangu ya asubuhi huinywea humo. Lakini siku hiyo nilikiona kwa macho ya yule mama. Kuta tatu, kutoka sakafuni hadi darini, santuri. Zimesimama wima, zimebanana, migongo yake myembamba ya rangi zote, kama mtu aliyechukua upinde wa mvua akaukata nyuzi nyuzi. Harufu ya karatasi kuukuu na mbao iliyopakwa nta. Na kimya. Kimya cha watu elfu tatu waliofunga midomo wakisubiri kuambiwa anza.

Inspekta alivua kofia.

"Zote hizi zinaimba?"

"Elfu tatu mia moja na kumi na mbili," mkutubi alijibu. "Zote."

"Nami nyumbani nashindwa kupanga vikombe," Inspekta alisema. Akaandika kitu daftarini. "Nieleze ulivyopanga. Taratibu. Mimi muziki siujui."

Mkutubi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Zamani, alisema, mjomba alizipanga kwa siku zilivyoingia nyumbani. Ukimwomba moja, anafumba macho: ile iko karibu na mwaka niliovunjika mguu, rafu ya chini. Na inatoka kweli! Lakini mpango huo ulikuwa ndani ya kichwa kimoja, na kichwa hicho kina miaka themanini. Kwa hiyo miezi mitano, kila akitoka kazini, alizishusha moja moja, akafuta vumbi, akaandika kadi, akazirudisha kwa herufi.

"Bendi gani inaanza na herufi gani, si ndiyo?"

"Hapo ndipo nilipotoka jasho. Karibu kila bendi inaanza na neno Bendi au Okestra. Ningefuata hivyo hivyo, nusu ya chumba ingekuwa B na nusu O. Kwa hiyo neno hilo nalivuka, natazama linalofuata. Mwimbaji wa peke yake, natazama jina alilojulikana nalo mitaani. Na mwisho wa kila herufi nimebandika hiki."

Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu: herufi, na chini yake idadi, kwa wino. Alhamisi jioni alimaliza kuhesabu na kubandika vyote. Ijumaa asubuhi akarudi kuzitazama tu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyelala, akakuta pengo kwenye K.

"Iliyotoka ni ipi?"

Alijibu Mzee Sindano, bila kugeuza kichwa. "Ya bendi yangu."

Hapo Inspekta alinyamaza, na mzee, kwa mara ya kwanza tangu jana, akaongezea.

"Tulirekodi moja tu. Mimi nilipiga gitaa la besi. Iliyobaki duniani ni hiyo, na mwaka wa thelathini huu sijaiweka kwenye mashine, kwa sababu kila ikipigwa inaliwa. Jumatatu ilikuwa ipigwe mara moja, wainase kwenye mitambo yao, usiku irushwe redioni. Kisha basi. Sasa huyu ameiuza."

"Sijauza, mjomba."

"Dalali alikufuata hapa mara tatu."

"Na mara tatu nilimfukuza!"

Ni kweli yule dalali wa santuri alikuwa anazunguka mtaani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Inspekta kwamba Alhamisi jioni nilimwona akipita na kifurushi bapa, mraba, kimefungwa gazeti. Raia mwema hufanyaje? Huisaidia serikali.

Dalali akaitwa. Alikuja anatweta, shati jekundu, pete tatu.

"Alhamisi ulibeba nini?"

"Kioo, Afande."

Kimya.

"Kioo cha mke wangu. Cha kabati la nguo. Kilipasuka."

Kimya.

"Sawa, nilikipasua mimi. Nilirusha kiatu. Lakini sikumrushia yeye, nilikuwa namrushia panya, muulize fundi wa vioo pale kona, alinikatia saa kumi na moja, akanicheka na akamwita mwenzake naye aje anicheke!"

Inspekta alimtuma askari wake kona. Askari akarudi baada ya dakika kumi anajikaza asicheke. Kioo ni kweli. Panya pia ni kweli.

"Naweza kwenda?" dalali aliuliza.

"Kaa. Unajua kuhesabu?"

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipoanza kumwogopa yule mama. Mtu mwingine angepekua nyumba, angeinua magodoro, angevunja vunja. Yeye aliuliza swali moja.

"Jana mlipoitafuta, mlitafuta wapi?"

"Kwenye K," mkutubi alisema. "Na jirani zake, J na L. Jirani alitusaidia." Jirani ndiye mimi.

"Kwingine?"

"Kwingine ingefikaje?"

"Basi tutahesabu chumba kizima. Kila herufi mara mbili, na watu wawili tofauti. Asiyekubaliana na mwenzake anarudia."

Tulihesabu mpaka saa saba kasoro. Mkutubi alihesabu kwa kugusa kila mgongo kwa kidole kimoja, midomo inacheza. Dalali alihesabu tano tano. Mimi nilizipitia kama nilivyopitia barua miaka thelathini na moja nikiwa posta, nazisikiliza zinavyopita kwenye kidole gumba, trrr, na sikukosea hata rafu moja. Askari alikosea nne. Mzee Sindano alikataa kuhesabu, lakini niliona kidole chake cha shahada kinatikisika juu ya goti kila tulipotaja namba.

Inspekta alikaa katikati ya chumba juu ya ngazi ya mbao, anaandika. A, sawasawa na kibandiko. B, sawasawa. Ch, D, hadi J, sawasawa. K, kibandiko kinasema mia mbili kumi na mbili. Tumehesabu mia mbili kumi na moja.

"Hilo tunalijua," alisema. "Twende mbele."

L, M, N, sawasawa. S, kubwa kuliko zote, sawasawa. Tukafika T.

"Tisini na tano," alisema dalali.

"Tisini na tano," alisema askari, kwa woga.

Inspekta aliinamia kibandiko. Wino wa Alhamisi ulisema tisini na nne.

Aliacha tumalize U, V, W, Y, Z. Akajumlisha, akapiga mstari, akageuza daftari atuonyeshe. Elfu tatu mia moja na kumi na mbili.

"Haikosekani hata moja," alisema.

Nyie! Tulikuwa watu sita mle ndani, na wote tuliliinamia lile daftari. Kuna watu hukamata mwizi kwa mbwa na bunduki. Huyu alikaa juu ya ngazi, hajainua hata jalada moja, akaikamata santuri kwa kujumlisha.

Mkutubi alipiga magoti mbele ya T na droo ya kadi mapajani. Kadi, jalada. Kadi, jalada. Kwenye ya sitini na moja mkono wake ulisimama. Akaichomoa. Jalada la kahawia lililofifia, picha ya vijana wanane waliovaa tai, wa tatu kutoka kulia mwembamba kama waya: Mzee Sindano kabla maisha hayajamkunja.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaitoa santuri, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena. Haikuwa na mkwaruzo. Kisha akamtazama mpwa wake, na uso haukulainika.

"Kumbe hukuuza. Uliiweka pasipo pake. Mtunzaji anapoteza kitu ndani ya kabati lake mwenyewe. Hao watu wa Jumatatu utawaambia nini?"

Msichana hakulia alipoitwa mwizi. Hapo sasa chozi lilimdondoka, juu ya kadi, akalifuta haraka wino usiharibike.

"Hakuiweka yeye," Inspekta alisema. "Alhamisi jioni T ilikuwa tisini na nne na K ilikuwa kamili, wino ule pale. Mtu aliitoa K, na jana wakati wa kuitafuta akairudisha. Akairudisha T. Mimi swali langu ni kwa nini T." Akachukua jalada. "Jina la bendi, K. Jina la wimbo, N. Mwimbaji, M. Binti, wewe ungeiweka T kwa kuchoka?"

"Hata nikiwa na homa, Afande."

"Sawa. Nisaidieni jambo, nami nijifunze."

Alichomoa majalada kumi kutoka rafu mbalimbali, akayachanganya kama karata, akayaweka mezani. Akatuomba kila mtu ayapange kwa namna inayomjia kwanza, bila kufikiri.

Mzee Sindano aliyapanga kwa mwaka alioyanunua, anayapapasa pembe. Dalali aliyapanga kuanzia jalada safi hadi lililochakaa, ndivyo jicho la muuzaji linavyotazama. Mkutubi aliyapanga kwa bendi, akilivuka neno la kwanza. Mimi nilikuja mwisho. Nilikunja mikono ya shati. Nikawaambia tazameni mtu mzima anavyofanya kazi. Nikayamwaga mafungu matatu, paa paa paa, sijui kama nilimaliza nusu dakika, nikarudi nyuma nisifiwe.

Hakuna aliyenisifu. Inspekta alikuwa anayatazama mafungu yangu matatu jinsi alivyokitazama kile chumba asubuhi.

"Hili fungu ni nini, Mzee?"

"Ni... ni hizi zinaenda pamoja."

"Kwa nini?"

Nikaangalia. Na kweli, sikuwa nimejua mpaka nilipoangalia. Kwenye kila jalada, chini kabisa, kwa herufi ndogo, huandikwa mji iliporekodiwa. Fungu la kwanza lilikuwa mji mmoja. La pili mji mwingine. La tatu mwingine.

Inspekta aliligeuza lile jalada la kahawia, akaweka ukucha chini ya mstari wa mwisho. Mji wa mpakani. Unaanza na T.

"Bahasha inasomwaje posta, Mzee?"

Yule mama alinyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nikaongezea.

"Kutoka chini, Afande. Mji kwanza. Jina la mtu ni kazi ya tarishi, mpangaji wa barua halisomi kabisa."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Ukishika kitu kwa haraka, watu wamegeuka, moyo unadunda, mkono unakipeleka wapi?"

Dalali alishika kichwa. "Toba! Mzee! Na mimi na kioo changu nimeaibishwa mtaa mzima!"

"Jirani?" alisema mkutubi. Neno moja tu, tena kwa upole. Heri angenizaba kofi.

Basi nikasema. Alhamisi jioni, mkutubi alipomaliza kubandika akaenda kupokea maji mlangoni, niliiingiza ndani ya gazeti langu. Nililala juu yake usiku mmoja, chali, bila kugeuka. Ijumaa niliposikia anaitwa mwizi, nikajitolea kutafuta, nikairudisha. Nilidhani wangeikuta palepale. Kumbe mkono wangu ulikuwa unajua posta tu.

"Uliiba kwa sababu gani?" mkutubi aliuliza. "Ungeiomba tu uisikilize."

"Kabla ya kuja hapa nilipita kwa kinyozi," Inspekta alisema. "Nikauliza habari za santuri za nyumba hii. Wote walinitajia hii moja. Kinyozi ameniambia tarumbeta iliyomo inamtoa mtu machozi, na aliyeipuliza ni huyu Mzee wa posta hapa. Sijui amesimulia mara ngapi. Mzee Sindano, gramafoni inafanya kazi?"

"Ilikuwa ipigwe Jumatatu."

"Hao wa Jumatatu watainasa vilevile. Mara moja tu, nakuomba."

Mzee Sindano akainuka, akaipangusa santuri kwa kitambaa, akaishusha sindano kwa mkono ambao haukutetemeka hata kidogo.

Kwanza ule mvumo, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Halafu magitaa mawili yakaingia yakizungumza, moja linauliza, jingine linakatiza. Ngoma ndogo. Kisha besi, chini, nzito, pana, inatembea kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake. Mkutubi aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameiandikia kadi mwenyewe, hajawahi kuisikia. Alimtazama yule mzee wa miaka themanini, kisha akatazama ile gramafoni, akashindwa kuviunganisha. Sauti za vijana wanane zilijaa kile chumba mpaka nikaona kama santuri nyingine zote zimesogea mbele kusikiliza. Hata askari alikuwa ameegemea mlango, mdomo wazi.

Ikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio. Hapakuwa na tarumbeta. Wa tatu. Hapakuwa. Magitaa, ngoma, sauti, besi. Tarumbeta, hata ya dawa hakuna. Na Jumatatu usiku mtaa mzima ungelisikia hilo redioni.

"Ulikuwa unajua?" Inspekta alimuuliza Mzee Sindano, kwa sauti ya chini asiharibu wimbo.

"Miaka thelathini najua."

"Na ukamwacha?"

"Bendi ilikufa, wenzangu saba wamekufa. Nani mwingine alikuwa anaitaja? Kila siku kwa kinyozi mtu mmoja anaitaja." Akanigeukia, na macho yake yakawa makavu. "Nilimwacha. Lakini leo amenifanya nimfukuze mtoto wa dada yangu."

Akamshika mpwa wake mkono, akauweka juu ya goti lake, wala hakuuachia. "Nisamehe, mama," alimwambia. Msichana akaitikia kwa kichwa.

Wimbo ukaelekea mwisho. Magitaa yakapungua, na pale kwenye kituo, kabla ya pigo la mwisho, ikasikika wazi kabisa: kring-kring.

"Hiyo nini?" aliuliza mkutubi.

Nikaruka. "Mimi! Hiyo ni mimi! Nilikuwa bado tarishi, katika mji ule, nilipeleka telegramu pale studio, nikapiga kengele ya baiskeli dirishani sijui kama wanarekodi, wakacheka wakaiacha! Naapa! Tarumbeta ilikuja baadaye, nani angeheshimu kengele? Lakini kengele ni kweli! Mzee Sindano alikuwepo, muulizeni!"

Dalali alicheka mpaka pete zikagongana. Askari akageukia ukutani. Inspekta alisema, "Mzee, ushakamatwa mara moja leo." Wote wakamtazama Mzee Sindano.

Naye anajua. Siku ile ndiye aliyetoka kuipokea telegramu, jasho linamtiririka, akanipiga begani akaniambia kijana umeingia kwenye historia. Alinitazama machoni muda wa kutosha nione kwamba anakumbuka yote, hadi rangi ya baiskeli.

"Kengele?" alisema. "Mimi sikumbuki kengele."

Akainua sindano.

Inspekta alifunga daftari. Hakuna shauri, alisema, mwenye mali akiridhika. Mwenye mali akasema ataridhika kadi ikikamilika, na aiandike jirani, maana ana mwandiko mzuri wa posta. Mkutubi akanisogezea kiti, kadi mpya na wino. Nikaandika kama alivyonisomea, herufi kwa herufi, wote wamenisimamia kichwani. Magitaa, fulani na fulani. Besi, Mzee Sindano. Tarumbeta, hakuna. Kalamu ikasimama hapo.

"Endelea, jirani," alisema mkutubi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona anatabasamu. "Kengele ya baiskeli: mpigaji hajulikani."

Nikaandika.